Mji wa Kale Hauzuriwi kwa Macho Peke Yake

Wapo watu wazima, tena wenye elimu yao, wanaoona haya kukutwa wakisoma hadithi ya jini au ya paa anayesema. Mgeni akipiga hodi, kitabu hufunikwa gazeti. Watu hao hao, likizo ikifika, hufunga safari kwenda Lamu, Unguja, Kilwa au Gedi. Wakifika husimama mbele ya ukuta uliomeguka, wakatajiwa karne na jina la sultani, wakapiga picha mbili tatu, kisha wakauliza chakula kinapatikana wapi. Kwao hekaya ni mambo ya watoto, na kuzuru mji wa kale ni elimu. Nasema wamekata kitu kisichokatika. Miji ile ilijengwa na watu waliosimuliana hekaya hizo usiku, wakayaogopa yaliyomo, wakayatamani pia, na nyumba zao wakazijenga huku hayo yote yamo vichwani mwao. Mwenye kuzuru bila kuyajua huona chokaa na matumbawe, na nusu ya nauli yake imekwenda bure.

Tuanze na Gedi, kwa kuwa hapo ushahidi ulitoka ardhini. Mji huu, jirani na Watamu katika kaunti ya Kilifi, ulistawi hasa katika karne ya 15, ukahamwa mwanzoni mwa karne ya 17. Kaburi mojawapo lina tarehe ya mwaka 802 wa Hijria, ndio 1399 kwa hesabu ya Miladi. Mwanaakiolojia James Kirkman alianza kuufukua mwaka 1948, akaendelea kwa miaka kama kumi, na baadhi ya nyumba alizozifukua zikapewa majina ya vitu vilivyookotwa ndani: Nyumba ya Mkasi, Nyumba ya Kauri, Nyumba ya Taa ya Chuma. Wageni huonyeshwa majina hayo na kuyafurahia. Lakini Kirkman alikuta kitu kingine ambacho mara nyingi hupitwa haraka haraka, nacho ni chungu cha udongo kilichofukiwa chini ya sakafu karibu na mlango. Hilo ni fingo. Aliitwa mganga, akafanya aliyoyafanya, na jini akawekwa humo awe mlinzi wa nyumba, ili mtu mwenye nia mbaya akivuka kizingiti arukwe na akili. Hebu tafakari hesabu aliyoipiga mwenye nyumba. Mji ulikuwa na ukuta wa nje na ukuta wa ndani. Nyumba ilikuwa ya mawe, majirani wamebanana ubavu kwa ubavu, msikiti u karibu. Bado aliona ulinzi haujatimia mpaka awepo asiyeonekana, tena chini ya nyayo za kila aingiaye. Chungu kile kinatueleza hofu za mfanyabiashara wa pwani kuliko ukuta wote uliosimama hadi leo. Kirkman mwenyewe, mtu wa vipimo na madaftari, aliandika kwamba alipoanza kazi pale alihisi kana kwamba kuna kitu au mtu akimtazama toka nyuma ya kuta, si adui wala rafiki. Hakuona haya kuliandika hilo, na wala hakuna aliyemvua utaalamu wake kwa sababu hiyo.

Wala si Waswahili peke yao waliompa nafasi mkaazi asiyeonekana. Warusi wana domovoi wao, kizee mwenye ndevu akaaye nyuma ya jiko, anayelinda mifugo na jamaa akitunzwa na kuleta ghasia akidharauliwa. Familia ikihama humwalika rasmi afuatane nayo. Binadamu akishapata nyumba huanza kuhofia kitakachomnyang'anya. Kwetu pwani hofu hiyo ilikaa hata ukutani. Ingia nyumba ya kale ya Lamu uende hadi chumba cha ndani kabisa, utaona ukuta mzima umejaa zidaka, vishubaka vya plasta vilivyochongwa safu juu ya safu, na humo ndimo vilimopangwa vyombo vya kaure kutoka Uchina. Vilikuwa pambo, ndiyo, na dalili ya utajiri. Lakini wako wataalamu walioona kwamba vyombo vile viliaminiwa pia kuikinga nyumba na jicho la hasidi. Mtu akilijua hilo, ukuta ule humbadilikia mbele ya macho yake.

Sasa chukua hekaya ya Sultani Darai, uisome kwa kuzikumbuka nyumba hizo. Ilisimuliwa Unguja, na Edward Steere akaichapisha katika mkusanyo wake wa hadithi za Kiswahili mwaka 1870. Maskini mmoja huchakura jaani akitafuta punje za mtama. Siku moja akaokota thumni, akanunua paa. Paa yule akawa na maneno na akili kumpita bwana wake. Akampelekea sultani almasi, akamposea bwana wake binti wa sultani, kisha akaenda mji wa mbali, akaingia jumba kubwa la nyoka mwenye vichwa saba, akamuua, na jumba likawa la bwana wake. Hadi hapo ni ndoto ya kila fukara aliyepata kupita mbele ya mlango wa nakshi. Baadaye paa akaugua. Bwana akaambiwa mgonjwa anataka uji, naye akaamuru apikiwe uji wa mtama duni, yeye aliyempa jumba zima. Na alipokufa akatupwa kisimani. Asubuhi bwana akaamka yuko jaani, anachakura kama zamani. Sijui waraka wala daftari la forodha linaloeleza maadili ya mji wa wafanyabiashara kwa ukali wa kiasi hicho. Mali huja kwa bahati na kwa akili ya mwingine, na huondoka kwa sufuria moja ya uji. Anayesimama kwenye magofu ya nyumba ya tajiri huku hekaya hii imo kichwani hana haja ya kuuliza watu wa kale walifikirije juu ya kuanguka kwa nyumba. Walishalifikiria, tena kila usiku, mbele ya watoto wao.

Kilwa nako ni vivyo hivyo. Habari za kale za mji huo husema kwamba Ali bin al-Hasan wa Shirazi alikinunua kisiwa kwa nguo za kutosha kukizunguka chote. Mwanahistoria atatikisa kichwa, na ana haki: kisiwa hakizungushwi kitambaa. Ila hekaya imekwisha kusema neno lake. Waliokuja kutawala walitaka ijulikane kwamba ardhi hawakuipora, wameilipia. Na walichokilipa ni nguo, bidhaa iliyokuwa na thamani machoni pa watu wa mrima. Ni hati ya umiliki iliyoandikwa kwa njia ya ajabu. Ibn Battuta alipofika Kilwa mwaka 1331 aliukuta mji wenye fahari, na aendaye leo Husuni Kubwa atayaelewa zaidi mabirika na kumbi zake akiwa ameijua kwanza habari ya nguo. Kaskazini huko, kwa watu wa Pate na Kipini, yuko Fumo Liyongo, asiyedhurika kwa silaha yoyote ila sindano ya shaba kitovuni. Mwanawe mwenyewe ndiye aliyemdunga. Liyongo akaenda kisimani, akapiga goti, akavuta upinde, akafa hivyo hivyo. Na watu wa mji wakakaa na kiu wasithubutu kusogea, wakidhani yu hai. Mwanahistoria anayetafuta mwaka aliozaliwa ataendelea kutafuta. Anayetaka kujua mji unavyomwogopa shujaa wake mwenyewe keshapata jibu.

Watu wa akili kavu watanijibu kwamba yote haya ni uongo, na uongo haufundishi. Jibu langu la kwanza ni Shaaban Robert. Huyu hakuwa mtu wa upuuzi; lakini katika Adili na Nduguze, kilichotoka mwaka 1952, kuna majini, kuna ndugu wawili waliogeuzwa manyani, na kuna mji mzima ambao watu wake wamekuwa mawe. Alichagua ajabu kwa sababu wivu wa ndugu ukisemwa kwa maneno ya kawaida hausikiki, ila ukimwona Adili akiwachapa manyani usiku nao ni damu yake, moyo hushtuka. Jibu la pili ni kwamba hekaya na historia kila moja ina mahali pake, na mwongoza wageni mwaminifu huzitenga kwa kutamka wazi. Tazama Praha. Rabi Loew wa mji huo alikufa mwaka 1609. Hekaya kwamba alimfinyanga mtu wa udongo, golem, awalinde Wayahudi, ilikuja kuhusishwa naye katika maandishi karne mbili hivi baada ya kufa kwake. Wasomi wa Praha wanalijua hilo na kulisema, na bado wageni hulizuru kaburi lake na kuinua macho kutazama dari ya sinagogi la kale, ambamo husemekana mabaki ya golem yamo. Ukweli umesemwa na furaha haikupungua hata chembe.

Pingamizi la dini ni zito zaidi na linastahili heshima. Huulizwa: je, kusimulia habari za majini na mafingo si kuikaribia shirki? Kwa Mwislamu, kuwako kwa majini si jambo la ngano. Kurani imewataja, na sura ya 72 ina jina lao. Linalokatazwa ni kuwategemea, kuwaomba na kuwaogopa badala ya Mwenyezi Mungu. Kujua kwamba mtu wa Gedi alifukia chungu mlangoni si kufukia chungu, kama vile kusoma habari za Firauni si kumsujudia. Tena watu wale wale waliofukia vyungu walijenga msikiti mkubwa hatua chache tu kutoka kwenye kasri. Kulificha hilo ili mababu waonekane safi ni kuwazulia watu waliokwisha kufa, na hakuna dini inayoliruhusu hilo.

Lipo la tatu, ambalo ndilo linaloniumiza kichwa. Visa vya ajabu vimewahi kudhuru. Mwaka 1995 hofu ya Popobawa ilienea Pemba na Unguja, watu wakalala nje kwa makundi wakiota moto, na wapo waliopigwa kwa kushukiwa. Huko bara vikongwe wameuawa kwa kuwa tu na macho mekundu, na watu wenye ualbino wamewindwa kwa imani za kishenzi. Je, si afadhali kuzima kila simulizi ya viumbe vya gizani? Sikubaliani, nami naomba tofauti moja itazamwe. Hekaya huanza na paukwa, msikilizaji akaitikia pakawa. Kwa maneno hayo wote wamekubaliana kwamba wanaingia mahali pengine na watatoka. Zimwi la hekaya halina anwani. Uvumi hauna paukwa. Huanza na jina la jirani, hutaja nyumba yake, na hudai ushahidi ambao hakuna aliyeuona. Mtoto aliyezoea hekaya amefunzwa mapema kuisikia tofauti hiyo. Sidai kwamba mafunzo hayo peke yake yangewaokoa wale vikongwe. Hilo linahitaji sheria, polisi na shule. Ila kuifuta hekaya na kuuacha uvumi ni kumfunga asiye na hatia.

La gharama sitalijadili sana. Ada za wananchi katika maeneo mengi ya kale ni ndogo kuliko za wageni, na aliye mbali anaweza kuanza na gofu lililo karibu naye. Pwani yetu haina upungufu wa magofu. Lililopungua ni masimulizi pale langoni. Makumbusho na waongoza wageni wangetufaa sana wakichapa vijitabu vya bei nafuu kwa Kiswahili, vyenye ramani ukurasa mmoja na hekaya za mji huo kurasa zinazofuata, na wakiwaalika wazee wanaojua kusimulia badala ya kuwangoja wafe. Kilwa Kisiwani na Songo Mnara ziliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981, Mji Mkongwe wa Unguja mwaka 2000, Lamu mwaka 2001, na Gedi mwaka 2024. Kuta sasa zina wa kuzitetea.

Basi nawe, msomaji, kabla ya kukata tikiti ya likizo ijayo, wakalishe watoto uwasimulie Sultani Darai mpaka mwisho, na uji usiuruke wala kisima. Mkifika Gedi, msikubali kupitishwa mbio. Mwombeni anayewaongoza awaonyeshe mlango wa nyumba mojawapo na awaeleze habari za fingo. Asipozijua, mwelezeni ninyi.