Miaka Mitatu ya Tumbo



Mimi ni karani wa parokia, nakaa hapa Segera, penye njia panda ya Tanga, Moshi na Dar es Salaam. Kazi yangu ni madaftari: waliobatizwa, waliofunga ndoa, waliofariki. Mtu akija na bodaboda kutaka cheti cha ubatizo, mimi ndiye nimtafutiaye jina lake. Utadhani mtu akaaye na vitabu vya namna hii yu karibu na Mungu. Sivyo. Kwa miaka mitatu mwandishi huyu hakukomunika.

Sababu yake ni ndogo, nawe usinicheke. Kaka yangu alisogeza mpaka wa shamba tuliloachiwa na marehemu baba, hatua sita hivi. Mimi niliyesoma chuo cha ualimu nikaona nimedharauliwa na mtu wa darasa la saba. Shikamoo yake nikamnyima. Watoto wake wakipita, najifanya naandika.

Siku moja bibi mmoja aliniuliza mlangoni mwa ofisi, "Mwanangu karani, mbona wakati wa Komunyo wewe wakaa tu kitini?" Nikamjibu kwamba tumbo lanisumbua. Akanitazama sana. "Miaka mitatu, tumbo?" Akaenda zake.

Ikawa mwezi wa Mei natakiwa kuwasomea wakatekumeni habari za Mashahidi wa Uganda, ambao sikukuu yao ni tarehe 3 Juni. Nikamchagua Mtakatifu Matia Mulumba. Mtu huyu alizaliwa Busoga, akatekwa utotoni, akalelewa Buganda. Alimtafuta Mungu kwanza katika Uislamu, kisha kwa Waprotestanti, mwisho kwa Mapadre Weupe, akabatizwa mwaka 1882. Alikuwa mtu wa cheo kwa mkuu wa Singo, tena mwenye wake wengi. Akabaki na mke mmoja, akashika kazi za mikono, akabeba mizigo mwenyewe kama mtumwa, mbele ya watu waliozoea kumwona mkubwa. Mapadre walipoondoka nchini mwaka ule ule, yeye na wenzake wakaendelea kufundisha dini huko Mityana. Mwaka 1886, wakati wa Kabaka Mwanga, alikatwa mikono na miguu, akaachwa porini mpaka akafa. Papa Paulo VI alimtangaza mtakatifu tarehe 18 Oktoba 1964.

Wakatekumeni walishtushwa na kifo kile. Mimi kilichonichoma ni ile mizigo. Kufa shahidi sijaombwa. Kumwamkia kaka yangu nimeombwa kila siku.

Nikaenda jioni, jembe begani, ili watu wadhani naenda shamba (kiburi kilikuwapo bado, waona). Nikamkuta anapukuchua mahindi.

"Shikamoo, kaka."

Akaendelea kupukuchua. Hindi la kwanza, la pili, la tatu. Shemeji akaniletea maji.

"Nimekosa, kaka," nikasema.

Akausukuma ungo mbele yangu. "Marahaba. Pukuchua."

Tukapukuchua mpaka giza likaingia. Habari ya mpaka hatukuigusa. Hatua zile sita zingali kwake, na Jumamosi ijayo tutakwenda kuzitazama pamoja na mzee wa ukoo.

Kesho yake nilikwenda kuungama. Jumapili, niliporudi kutoka altareni, yule bibi alikuwa benchi la nyuma yangu. Akaniinamia, akanong'ona, "Tumbo limepona?"