Kuacha si kuachishwa

Katika zoezi la mnyambuliko wa vitenzi, asistanti wetu aliandika ubaoni kitenzi acha, akatuambia tukinyambue. Achia, achana, achisha, achishwa. Wiki ile nilikuwa nasoma habari za magereza ya nchi za nje yaliyopiga marufuku sigara, na pale pale nikaona kilichokuwa kinanisumbua. Wanaoandika wanasema wafungwa “waliacha” sigara. Hawakuacha. Waliachishwa, kama mtoto anavyoachishwa ziwa.

New Zealand ilianza tarehe 1 Julai 2011. Mfungwa Arthur Taylor aliishitaki serikali, na Desemba 2012 Mahakama Kuu ikasema katazo lile si halali. Serikali ikabadilisha sheria, sigara hazikurudi. Ravenhall, karibu na Melbourne, wafungwa walifanya fujo kubwa tarehe 30 Juni 2015, siku moja kabla ya katazo kuanza. Uingereza, wapo waliochukua plasta za nikotini walizopewa kama msaada, wakazichanganya na majani ya chai, wakavuta. Mtu aliyeacha hafanyi hivyo.

Mpaka hapa msomaji atadhani ninatetea sigara. Hata mimi nilidhani hivyo, hadi nilipokutana na kesi ya Black. Naye alikuwa mfungwa, wa gereza la Wymott huko Uingereza, lakini yeye hakuwa mvutaji. Afya yake ilikuwa mbaya na moshi wa wenzake ulimzidishia. Sheria ya mwaka 2006 ilikuwa imekataza kuvuta ndani ya majengo ya umma na ya kazi, naye aliomba kitu kidogo sana: wafungwa wafunguliwe ile namba ya simu ya bure ambayo raia wengine waliitumia kuripoti, kwa siri, wanaoivunja. Alishinda kwanza, akashindwa kwenye rufaa, na Desemba 2017 Mahakama ya Juu ikamaliza: sheria ile haiifungi Dola, basi haiyahusu magereza yake. (Ajabu ya kitenzi funga: kinamshika mfungwa, kinamwacha anayemfunga.)

Sasa “maoni ya wafungwa” ni maoni ya nani? Taylor alikuwa mfungwa, Black alikuwa mfungwa. Nikilazimishwa kuchagua, ninaanza na Black. Sisi moshi ukituudhi tunatoka nje. Yeye hakuwa na mlango. Kwa hiyo ninaunga mkono katazo ndani ya vyumba. Lakini Taylor naye alikuwa na haki ya kuulizwa kabla ya kuamuliwa. Scotland ilikataza tarehe 30 Novemba 2018. Watafiti walikuwa wamezungumza na wafungwa na askari mapema, wakarudi tena baadaye, na sigara za umeme ziliruhusiwa. Wiki ya kwanza tu, chembe za moshi hewani zilipungua kwa karibu asilimia 80. Hakuna Ravenhall iliyotokea.

Rafiki yangu mmoja wa promosheni alinicheka: “Yaya, kwetu watu wa buloko wanalia chakula, wewe unalia sigara!” Juu ya chakula ana haki. Lakini Makala ilijengwa kwa watu 1,500 na kwa miaka mingi imebeba mara kadhaa ya hao. Mahali watu wanapolala wamebanana hivyo, sigara ya mmoja inavutwa na wote, na mwenye kifua kikuu anaivuta pamoja nao.

Hapo ndipo ninapoona kazi ya fakilte yetu. Siku moja mtu ataingia katika magereza yetu na karatasi ya maswali juu ya tumbaku, na bila shaka itakuwa imeandikwa kwa Kifaransa. Kifaransa kitamuuliza mfungwa kama amesimamisha kuvuta, naye atajibu ndiyo, na ndiyo hiyo itahesabiwa kama ushindi. Mimi ningependa swali liandikwe na sisi, kwa Kiswahili anachokisema yeye usiku na wenzake: Umeacha, ao umeachishwa?