Mwendesha Mashtaka na Sanduku la Kura

Tangu wilaya ya Kyerwa, mkoani Kagera, Tanzania, ilipotengwa na Karagwe mwaka 2012, kila moja ya wilaya hizo mbili ina mkurugenzi wake wa halmashauri, mteule wa Rais, ambaye, hadi sheria ya uchaguzi ilipobadilishwa mwaka 2024, kwa desturi alikabidhiwa amana ya kusimamia uchaguzi, jambo ambalo Mahakama Kuu ililibatilisha mwaka 2019 na Mahakama ya Rufani, mwaka ule ule, ikalirejesha. Kwa shaka hiyo juu ya wasimamizi, namtazamia mwendesha mashtaka wa serikali: yeye hahesabu kura wala hatangazi mshindi, lakini Ibara ya 59B ya Katiba imempa Mkurugenzi wa Mashtaka uhuru wa kutoingiliwa na yeyote, uhuru usio na maana iwapo mgombea mtoa rushwa atashtakiwa ilhali msimamizi mwenye hila anafumbiwa macho. Raia wa Kayanga, Karagwe, au wa Nkwenda, Kyerwa, anayeleta malalamiko yenye ushahidi anastahili jawabu la maandishi, na sababu zake.