SEHEMU YA 4: Sabufa "inayoitika ukigusa tu" si sifa jamani

Mama zangu, leo baadhi ya baba watoto watanichukia. Sawa tu.

Nimechoka na huu msemo: "Mashine yetu moto, ukigusa tu kitufe nyumba inatikisika." Watu wanausema kama sifa! Fundi aliyetufungia sisi alisema hivyohivyo. Akazungusha kidogo, vikombe kabatini vikalia. Baba watoto akatabasamu, na mimi nikatabasamu, sijui kitu.

Wiki ya pili mwanangu wa mwaka na nusu akakifikia kile kitufe, amekaa pembeni kabisa ya spika. Alilia mpaka sauti ikakauka. Na mimi nesi mzima nimesimama mlangoni na mwiko mkononi.

Tangu siku ile nimewauliza mafundi mpaka wakanichoka. Nilichoelewa ni hiki. Pawa amplifaya, ile inayosukuma spika, huhitaji umeme kidogo tu wa sauti ili ifike kwenye nguvu yake yote. Tuseme yako inahitaji volti 1. Sasa deki ya CD kwa kawaida inaweza kutoa mpaka volti 2. Halafu katikati kuna priamplifaya, ile yenye kitufe cha sauti, na tuseme inakuza mara 10. Piga hesabu: volti 20 kwa mashine inayoshiba kwa 1!

Ndiyo maana kitufe hakijafika hata nusu, mashine imeshafika mwisho. Ukiendelea kuzungusha unapata mkwaruzo tu, na huo mkwaruzo ndio unaounguza vile vispika vidogo vya juu. Hata wimbo ukiisha unasikia "shiii". Wati hazijaongezeka hata moja. Mashine ya wati 50 ni ya wati 50, ifike huko kwenye namba 2 au namba 8. Bomba la jikoni likirusha maji mpaka dari ukiligusa tu, nani anajisifia? Si unaita fundi?

Mtanijibu, "Sisi tunapiga taratibu." Najua. Lakini taratibu yenu yote imebanwa kwenye nafasi ya ukucha mmoja, na mkono wa mtoto haujui kuzungusha "kidogo".

Sasa nije kwenye kazi yangu. Ndani ya sikio kuna seli zenye vinyweleo vidogo sana, ndizo zinazopokea sauti. Zikifa hazioti tena. Hakuna dawa ya kuzirudisha, msidanganywe na matone. Kwa vifaa vya kusikilizia muziki, Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto asizidi desibeli 75 kwa saa 40 za wiki nzima. Kila desibeli 3 zikiongezeka, muda unakatwa nusu. Ukifika 85, zile saa 40 zimebaki kama 4. Ukifika 95, ni kama dakika 24. Kwa wiki! Na kichanga hawezi kusema "mama, masikio yanavuma". Atalia tu, na sisi tutasema ana usingizi.

Kurekebisha hakuhitaji mashine mpya. Angalia nyuma ya pawa amplifaya au sabufa, nyingi zina kitufe cha kupunguza kiwango kinachoingia. Kishushe mpaka sauti yenu ya kawaida, ile mnayoweza kuongea juu yake bila kupaza, ipatikane kitufe cha mbele kikiwa karibu na katikati. Kama hakipo, mwambie fundi aweke kipunguza sauti kwenye waya, kabla ya pawa amplifaya. Cha desibeli 10 kinapunguza volti mpaka kama theluthi, cha 20 mpaka sehemu moja ya kumi. Akikwambia "utaua mashine", mwambie hapana, nguvu yake iko palepale, unarefusha tu njia ya kuifikia.

Simu ni kinyume chake, mara nyingi hutoa umeme mdogo. Pandisha simu kwanza, sabufa iwe wastani. Na kabla ya kuchomoa simu kurudi kwenye deki, SHUSHA SABUFA. Hapo ndipo wengi mnarushwa kwenye kochi.

Jaribuni Jumamosi, mtoto akiwa kwa bibi.