Mapishi Hayafundishwi kwa Kukisia

Siku hizi kila mwenye simu na sufuria amekuwa mwalimu wa mapishi. Mtu kapika keki mara moja, ikamwendea vizuri kwa bahati, jioni keshaanza kuwafundisha wenzake: sukari kadiri upendavyo, maji ya kutosha, moto wa wastani. Mama mwenye fedha ndogo ananunua unga, mayai na siagi, anafuata maelekezo yale bila kuruka neno, na keki inamtokea mbichi katikati. Analaumu mkono wake. Mimi nasema mkono wake hauna hatia. Mwenye hatia ni yule aliyefundisha asichokipima, na hatia hiyo si ndogo, maana ameharibu chakula cha mtu na kumvunja moyo asijaribu tena.

Aliyeuelewa wajibu huu kuliko wengi ni Julia Child, mpishi wa televisheni wa Marekani. Watu humkumbuka kwa kimo chake cha karibu sentimita 188, kwa sauti yake ya kupanda na kushuka, na kwa uchangamfu wake mbele ya kamera. Hayo ni mapambo tu. La kujifunza kwake ni jinsi alivyojiandaa kabla ya kufungua kinywa.

Alizaliwa Pasadena, California, tarehe 15 Agosti 1912, katika nyumba yenye uwezo iliyokuwa na mpishi wa kuajiriwa, kwa hiyo alikua bila kujua kupika. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia alitunza nyaraka katika idara ya ujasusi ya nchi yake, akapelekwa Ceylon, kisha China. Huko Ceylon alifahamiana na Paul Child, wakaoana mwaka 1946. Miaka miwili baadaye Paul alipangiwa kazi ya serikali mjini Paris. Siku walipofika Ufaransa walisimama kula mjini Rouen, akaletewa samaki aliyepikwa kwa siagi. Alikuwa na miaka 36, na mlo ule ukamwamsha.

Tazameni sasa alivyofanya. Hakukimbilia kuwapikia wageni na kujiita mjuzi. Mwaka 1949 alijiandikisha katika shule ya mapishi ya Cordon Bleu, akasoma katika darasa la waliokuwa askari wa Kimarekani, yeye mwanamke peke yake, chini ya mzee Max Bugnard. Mzee huyo alimrudisha hadi kwenye mayai ya kuvurugwa, akamwonyesha kuwa alikuwa akiyaharibu kwa haraka na moto mkali. Fikirini mtu mzima, mke wa afisa, anakubali kufundishwa yai! Hata mtihani wa kwanza alishindwa, kwa kuwa alikuwa amejiandaa kwa mapishi makubwa, naye akaulizwa yale mepesi yaliyomo katika kijitabu cha shule. Alikasirika sana, lakini alirudi akaufanya tena na kuupita.

Kisha akaungana na wanawake wawili Wafaransa, Simone Beck na Louisette Bertholle, kuandika kitabu cha kuwafundisha Wamarekani mapishi ya Kifaransa. Hapa ndipo ningependa kila anayefundisha mapishi kwetu atulie asome. Kazi ile iliwachukua karibu miaka tisa. Julia hakuliamini pishi kwa sababu tu Mfaransa kalisema, wala kwa sababu limeandikwa katika vitabu vya zamani. Alilipika yeye mwenyewe, akabadilisha kitu kimoja, akalipika tena. Mayonezi aliirudia mara nyingi mno hata nyumbani hawakuweza tena kuila, ikawa inamwagwa chooni. Kisha alijua kwamba unga wa Ufaransa si unga wa Marekani, na kwamba mchinjaji wa Paris hakati nyama kama wa Boston. Basi akawa anawapelekea ndugu na marafiki huko Marekani maelekezo yake, wayapike kwa vitu vya dukani kwao na kwa majiko yao, wamwandikie walipokwama. Wakati huo mumewe anahamishwa Marseille, Ujerumani, Norway, na kila mahali Julia anakwenda na sufuria zake na karatasi zake. Mchapishaji wa kwanza aliukataa mswada. Judith Jones wa kampuni ya Knopf akaupokea, na kitabu kikatoka mwaka 1961, kurasa zaidi ya 700.

Mtu ataniambia: huyo alikuwa na nafasi. Mume mwenye mshahara, urithi kidogo kutoka kwa mama yake, hana mtoto mgongoni. Sisi tunapika huku tunatafuta riziki. Ni kweli, na sitaki kulificha hilo. Lakini wenye nafasi walikuwa wengi mjini Paris, wakaila nafasi yao kwa karamu. Tena simtaki mpishi wetu atumie miaka tisa. Namtaka apike kitu mara tatu kwa kipimo kilekile kabla ya kumwambia mwenzake akanunue unga.

Televisheni ilikuja baadaye, na ilikuja kwa njia ya kitabu. Mwaka 1962 alialikwa katika kipindi cha vitabu cha kituo cha WGBH, Boston, naye akafika na kikaango, akapika kimanda palepale. Watazamaji wakaandika barua wakitaka zaidi. Kipindi chake, The French Chef, kilianza Februari 1963, yeye ana miaka 50, kikaendelea hadi 1973. Kilirekodiwa karibu mfululizo bila kukatwakatwa, hivyo kosa likitokea lilibaki. Siku moja alirusha chapati ya viazi ili kuigeuza, nusu ikamwagikia juu ya jiko. Aliokota vipande, akavirudisha kikaangoni mbele ya watu wote, na kueleza kuwa hakuirusha kwa moyo wa kutosha. (Wanaosimulia kwamba aliangusha kuku mzima sakafuni wamezidisha, hilo halikutokea.) Mwanagenzi aliyeona vile alijua la kufanya siku yake itakapomwagika. Wa kwetu anayekata kipande kilichoungua na kuonyesha sahani iliyopambwa amemnyima mwanafunzi sehemu ya somo anayoihitaji zaidi.

Wala hakukubali kuuza jina lake kwa kutangaza bidhaa. Alifundisha katika televisheni ya umma, na akaona kuwa akianza kulipwa kusifu siagi ya kampuni fulani, watu hawatajua tena lini anasema kweli. Wapishi wetu wanaoweka kopo la mdhamini mbele na kutuambia pilau haliwi pilau bila unga ule wa viungo wanapaswa kulitafakari hili.

Alipokuwa akiandaa juzuu ya pili ya kitabu kile, iliyotoka mwaka 1970, alitakiwa aeleze jinsi ya kuoka mkate wa Kifaransa katika jiko la kawaida la nyumbani. Yeye na mumewe wakamaliza zaidi ya kilo 100 za unga wakijaribu, wakaenda hadi kwa profesa Raymond Calvel, bingwa wa mikate, kufundishwa kukanda na kuumua upya. Kitabu cha kwanza kilikuwa kimeshamjengea jina, tuzo ya Emmy alikwisha kuipata mwaka 1966. Angeweza kukisia, na nani angethubutu kumkosoa?

Sasa tuangalie majiko yetu. Bibi zetu wanajua mkate wa kumimina, wanajua kiasi cha tui zito na jepesi, wanajua kwa kunusa kama mchele uliochachushwa umefika. Ujuzi huo ni wa kweli, umepimwa kwa miaka mingi, ila mizani yake iko katika viganja vyao, na viganja havirithiwi. Wengine huuficha wakihofia kuibiwa biashara. Wenye hofu hiyo ninawaelewa, lakini atakayeuza vitumbua nje ya nyumba yako hatakushinda kwa kujua hamira kiasi gani. Anayekushinda ni yule anayeamka mapema kuliko wewe.

Basi wewe mjukuu, nunua mizani ndogo, nenda kwa bibi, umwombe: "Bibi, kabla hujamimina, niwekee hapa kwanza nipime." Andika gramu, andika dakika, andika ni sufuria gani na kama ni mkaa au gesi. Rudia mpaka bibi mwenyewe aonje na kukubali. Halafu mpe karatasi hiyo jirani ambaye hajawahi kupika kitu hicho, akae jikoni kwake, nawe ukae kando usiseme neno. Pale atakaposimama na kukutazama, usimlaumu. Chukua kalamu, urekebishe mstari huo.