Umaarufu Si Mizani

Umaarufu ni mpiga mbiu. Kazi yake ni kuita watu, si kupima vitu. Mpiga mbiu akitangaza kwamba kuna samaki wazuri ufukoni, si vibaya kwenda kuwatazama. Lakini mwenye akili hanunui mbiu, hununua samaki. Humgeuza, humtazama macho na matamvua, ndipo atoe fedha yake. Kila mtoto wa Msambweni na Shimoni analijua jambo hili katika samaki. Ajabu ni kwamba watu wazima wengi hawalijui katika sanaa. Wakisikia kwamba kazi fulani ni maarufu, huiita bora. Wakisikia kwamba nyingine haikuvuma, huiita dhaifu kabla ya kuitia machoni.

Nataka, ewe msomaji kijana, kulipinga kosa hili kwa mfano wa mwanamke mmoja, Nargis, mwigizaji wa filamu za Kihindi. Jina lake la kuzaliwa lilikuwa Fatima Rashid. Alizaliwa Calcutta mwaka 1929, akafa Bombay mwaka 1981. Pwani yetu ilimpenda tangu zamani. Wakati majumba ya Regal, Naaz na Majestic yalipokuwa yakionyesha picha za Kihindi Mombasa, mtu wa Diani au wa Kwale aliyetaka kuziona alivuka kivuko cha Likoni kuzifuata. Nyimbo za picha hizo nazo zilivuka bahari na kufanya maskani kwetu: waimbaji wa taarabu wa Mombasa, na marehemu Juma Bhalo aliyefariki mwaka 2014 akiwa mmoja wa wakuu wao, waliweka maneno ya Kiswahili katika lahani za Kihindi, hata mwenye kusikiliza asijue mpaka uko wapi.

Lakini mtaje Nargis leo mbele ya waliomjua, na aghalabu utajibiwa kwa majina mawili tu: Awara ya mwaka 1951 na Mother India ya mwaka 1957. Filamu zake nyingine ni kama mali iliyofukiwa ndani ya ua wa nyumba: wenyewe wanapita juu yake kila siku na hawajui kwamba ni matajiri. Nami nasema bila kificho kwamba kusahau huku si bahati mbaya. Watu huikumbuka kwa wepesi picha inayowasifu, na huisahau kwa wepesi ule ule picha inayowahoji.

Tuanze kwa haki. Mother India ni filamu kubwa, na anayelikana hilo anakana jua la mchana. Mwongozaji wake, Mehboob Khan, alikuwa amekwisha kuisimulia hadithi hiyo mwaka 1940 katika filamu iliyoitwa Aurat, kisha akaisimulia upya kwa rangi na kwa uwezo mkubwa zaidi. Ilikuwa filamu ya kwanza ya India kupendekezwa kwa tuzo ya Oscar. Nargis, ambaye hakuwa ametimiza miaka 30, aliigiza Radha tangu alipokuwa bibi harusi hata akawa ajuza. Radha anafungwa na deni la mkopeshaji ambalo halimaliziki. Mumewe anapoteza mikono na kuiacha nyumba. Mafuriko yanaharibu shamba. Naye analea wanawe kwa jasho na heshima. Mwishoni mwana wake mpenzi, Birju, anakuwa jambazi na kumteka binti wa mkopeshaji, na Radha anampiga risasi mwanawe kwa mkono wake mwenyewe ili kuilinda heshima ya kijiji. Mkulima wa Kwale anayelima ardhi ya babu zake bila hati mkononi hahitaji mkalimani ili aielewe hadithi hiyo.

Ugomvi wangu si na filamu. Ni na matumizi yake. Tumemchukua mwanamke mmoja wa kubuniwa tukamfanya sheria ya wanawake walio hai. Tunasema: mwanamke mwema ni huyu; hunyamaza, hubeba, hutoa, na heshima ya wengine ikidai moyo wake, hutoa moyo. Kisha tunapiga makofi, tunafuta machozi, na tunarudi nyumbani bila kubadili kitu. Mvumilivu hula mbivu, ni kweli. Lakini methali haikusema kwamba mvumilivu awe daima yule yule, na mla mbivu awe daima mwingine. Picha ile hutuonyesha mama anayelipa deni la kila mtu, nasi hatuulizi kwa nini deni hilo liliandikwa kwa jina lake.

Sasa fukua pamoja nami.

Mwaka 1950 Nargis aliigiza katika Jogan, filamu ya Kidar Sharma. Humo yeye ni Surabhi, msichana mpenda mashairi. Nyumba yao imeingia katika madeni, na wakubwa wake wanataka kumwoza mzee ili mambo yao yatengenee. Hanyamazi wala habebi. Anakimbia, anavaa nguo za mtawa, na anachagua njia ngumu aliyoichagua mwenyewe kuliko njia laini aliyochaguliwa. Twaweza kubishana kama alichagua vema. Bali hatuwezi kusema kwamba hakuwa na nafsi. Msichana wa Kinango au Lungalunga anayetolewa darasani ili aozwe, mahari yake ikazibe tundu lililotobolewa na wengine, ana haki ya kumjua Surabhi kabla ya kuhubiriwa habari za Radha.

Mfano wa pili ndio hoja yangu kuu, kwa hiyo usikilize kwa makini. Maneno ya Awara yaliandikwa na K. A. Abbas. Filamu ile iliuliza swali moja: je, mtoto wa mwizi lazima awe mwizi, na mtoto wa jaji lazima awe mtu mwema, au malezi ndiyo yanayomfanya mtu? Swali liliulizwa juu ya mwanamume, aliyeigizwa na Raj Kapoor, na Nargis akawa wakili wa kumtetea. Dunia nzima ilisikia, kuanzia Bombay hadi Moscow, na pwani yetu ikiwamo. Mwaka uliofuata, 1952, Abbas huyo huyo aliliuliza swali hilo hilo juu ya wanawake katika filamu ya Anhonee. Nargis aliigiza watu wawili: Roop, binti wa nyumba ya heshima, na Mohini, aliyelelewa katika nyumba ya mwanamke aliyedharauliwa na watu. Baba yao ni mmoja. Kila mtu anajua, au anadhani anajua, nani ni wa halali na nani ni wa haramu. Mpaka inapofichuka kwamba watoto walibadilishwa wangali wachanga. Aliyeheshimiwa maisha yake yote ndiye aliyestahili kudharauliwa kwa kanuni za watu wale, na aliyedharauliwa ndiye mrithi. Kanuni yao yote inaanguka kama kibanda cha makuti mbele ya kusi.

Kwa hiyo tuna mwandishi mmoja, mwigizaji mmoja na swali moja. Mwanamume alipoulizwa, filamu ikawa hazina ya dunia. Mwanamke alipoulizwa, filamu ikawa jina analolijua mtafiti. Hapa sioni mizani iliyopima ubora. Naona masikio yaliyochagua la kusikia. Wala jambo hili si la India peke yake. Katika pwani ya Diani wako watoto ambao baba zao walishuka kwa ndege wakaondoka kwa ndege, na watoto hao huitwa kwa majina ambayo hawakuyachuma. Mama zao hubebeshwa aibu yote, baba hawatajwi. Anhonee ingalikuwa maarufu kama Awara, labda tungalikuwa na haya zaidi katika ndimi zetu.

Filamu ya tatu ni Lajwanti ya mwaka 1958, ambamo shaka ya mume inavunja nyumba na kumtenga mama na mtoto wake. Sitakaa sana juu yake. Kila mtaa una ushahidi wake. Ya nne ni Jagte Raho ya mwaka 1956. Humo Raj Kapoor ni mtu wa shamba aliyefika Calcutta usiku, ana kiu, anaingia katika jengo kutafuta maji, na watu wanapiga kelele kwamba ni mwizi. Usiku kucha wanamwinda, na katika kumwinda yanafichuka maovu yao wenyewe yaliyofichwa nyuma ya milango. Alfajiri, mwanamke mmoja anampa maji. Huyo ni Nargis. Anaonekana kwa muda mfupi mwishoni, lakini ndiye anayelijibu hitaji ambalo umati mzima ulilijibu kwa marungu. Nasi katika Kwale, ambako wazee wamewahi kuuawa kwa sababu tu jirani waliwaita wachawi, tunajua umati unavyofanya kazi: jina hutangulia, rungu hufuata, na ushahidi hauji kamwe. Nani atathubutu kusema kwamba dakika zile chache ni kazi ndogo?

Ya mwisho ni Raat Aur Din, maana yake usiku na mchana, ya mwaka 1967, iliyoongozwa na Satyen Bose. Ilikuwa filamu yake ya mwisho. Nargis ni Varuna, mke mpole wa nyumba ya heshima mchana. Usiku ukiingia anakuwa Peggy, mwanamke wa vilabu, ngoma na kicheko, na kukipambazuka hakumbuki alilolitenda. Wengine wanasema ana pepo, wengine wanasema ni mwovu. Daktari anatafuta maradhi, na anaukuta utoto uliobanwa mno. Fikiri jambo hili, msomaji: mwanamke yule yule aliyekuwa nembo ya uvumilivu mwaka 1957, miaka 10 baadaye alituonyesha uvumilivu unachoweza kumfanya mtu ukizidi kipimo. Ni kama aliyeandika swali akarudi mwenyewe kulisahihisha jibu letu. Serikali ya India ilimtunukia tuzo ya taifa ya mwigizaji bora wa kike kwa kazi hiyo, naye akawa wa kwanza kupewa tuzo hiyo. Waamuzi walipima; umati ulikuwa umekwisha kumchagua Radha, nao haukutaka kusumbuliwa.

Najua majibu ya wapinzani wangu. Wa kwanza watasema kwamba sinema ni upuuzi na huharibu vijana. Ziko filamu za upuuzi, kama viko vitabu vya upuuzi na maneno ya upuuzi barazani. Lakini hakuna aliyefunga baraza zote kwa ajili ya hilo. Anayemfundisha kijana kupambanua humlinda kuliko anayemfumba macho, maana macho yaliyofumbwa hufumbuliwa siku moja, na siku hiyo mlinzi hayupo.

Wa pili watasema kwamba Nargis ni Mhindi, na mambo yake si yetu. Hawa hula chapati, hupanda gari, hukata bima na kuhesabu kwa laki, maneno yaliyotufikia kutoka Bara Hindi, bila kuyauliza kabila. Bahari iliyoleta nguo na viungo kwa pepo za kaskazi ilileta na hadithi. Kama hadithi ya mkopeshaji wa India ilikuwa yetu, kwa nini hadithi ya msichana anayekataa kuuzwa iwe ya kigeni?

Wa tatu ni werevu zaidi. Watasema: watu wengi hawawezi kukosea, kama filamu hizi zingalikuwa nzuri, zingalidumu vinywani. Nawajibu kwamba wingi wa watu hushuhudia kilichowapendeza, na kupendeza ni sifa moja tu kati ya nyingi. Asali hupendwa kuliko dawa ya mwarobaini. Hakuna anayesema kwa sababu hiyo kwamba asali hutibu kila homa.

Nargis mwenyewe hakukubali kuwa picha moja. Alikuwa mlezi wa kwanza wa chama cha kuwasaidia watoto wenye ulemavu wa ubongo nchini India, na mwaka 1980 aliteuliwa kuingia katika baraza la juu la bunge la nchi yake. Maisha yake yalikuwa na milango mingi. Sisi ndio tuliong'ang'ania kusimama kizingitini pa mlango mmoja.

Haya, kazi ni yako. Zamani filamu hizi zilihitaji jumba na tiketi. Leo nyingi za wakati ule hupatikana katika intaneti, baadhi zikiwa na tafsiri iliyoandikwa chini ya picha. Ukiwa mwanafunzi wa Matuga, wa Waa au wa Msambweni, uwashawishi wenzako na mwalimu wenu mwione mojawapo, kisha mbishane kwa adabu. Ianzeni Anhonee, mkiilinganisha na Awara. Muulizane ni nani aliyepewa swali na ni nani aliyepewa sauti. Mkiona kwamba nimekosea, andikeni hoja zenu dhidi yangu. Hoja ya kupingwa ni bora kuliko sifa ya kurithi. Lakini msiniambie kwamba filamu hizi ni dhaifu kwa kuwa hamkuzisikia zikitajwa. Hiyo si hoja ya mtu aliyepima. Ni mwangwi wa mbiu.