Noeli ya Uvira: Tunabishania Tarehe, Tunanyamazia Gharama

Desemba ikiingia, mvua ikijaza mito ya Mulongwe na Kalimabenge, mimbari za Uvira, mashariki mwa Kongo, nazo huanza kupingana. Parokia za Katoliki ziko katika Majilio, na kwaya zinafanya mazoezi hadi usiku. Katika baadhi ya makanisa ya uamsho, mhubiri anawaonya waumini kwamba 25 Desemba ni siku ya jua la wapagani wa Roma, na aliyeokoka hana fungu humo. Mashahidi wa Yehova hawaisherehekei kabisa. Katikati yao yuko mzazi mwenye watoto watano, anayetaka kujua kama akinunua kuku anamheshimu Kristo au anafuata mila za Wazungu.

Wanaoipinga Noeli wana hoja, na haifai kuwacheka. Mathayo na Luka wanasimulia kuzaliwa kwa Yesu bila kutaja siku wala mwezi. Maandishi ya kwanza tunayoyajua yanayoweka sikukuu hiyo 25 Desemba yamo katika kalenda ya Roma ya mwaka 354, ambayo habari zake zinarudi nyuma hadi 336. Kalenda hiyohiyo inaitaja tarehe hiyo kuwa siku ya kuzaliwa kwa “Asiyeshindwa”, jina la mungu jua ambaye Kaisari Aurelian alimwekea hekalu mwaka 274. Siku chache kabla yake Warumi walikuwa na Saturnalia, karamu iliyoanza 17 Desemba, yenye ulaji, michezo na zawadi. Anayesema tarehe zetu na zao zilikaa jirani hajazua kitu.

Ila ujirani peke yake hauthibitishi uzazi. Kuna maelezo mengine ambayo hayasikiki sana mimbarini. Baadhi ya Wakristo wa kale walishika hesabu kwamba Yesu alitungwa mimba tarehe ileile aliyokuja kufa. Waliokadiria 25 Machi walihesabu miezi tisa wakafika 25 Desemba. Waliokadiria 6 Aprili wakafika 6 Januari, tarehe ambayo Waarmenia wanaishika mpaka leo. Wanahistoria hawajakubaliana ni njia ipi iliyotangulia. Basi mhubiri anayetangaza asili ya kipagani kana kwamba jambo limekwisha kuamuliwa anawapa waumini nusu ya habari.

Tuseme hata hivyo kwamba wapinzani wamepatia. Sikukuu ya jua ilikuwa na maana Roma, ambako Desemba mchana hufupika sana na watu husubiri mwanga urudi. Uvira iko nyuzi tatu na kidogo kusini mwa ikweta. Hapa tofauti kati ya mchana mrefu na mfupi wa mwaka mzima haifiki nusu saa, na Desemba ndiyo wakati mchana unapozidi kidogo. Hakuna anayengojea jua lirudi. Wengi wanaomba mvua isibomoe nyumba, maana bado wanakumbuka Aprili 2020, Mulongwe ilipofurika na kuua watu. Kama kulikuwa na ibada ya jua ndani ya tarehe hiyo, haikufika hai kwenye ziwa Tanganyika.

Tena wanaoisuta Noeli hawaendi na hoja yao hadi mwisho. Wengi wao wanaikataa 25 Desemba, kisha juma moja baadaye wanawavalisha watoto nguo za Bonane, yaani Mwaka Mpya. Lakini mwezi wa Januari una jina la Janus, mungu wa Warumi, na kufungua mwaka siku hiyo ni mpango wa Roma. Ikiwa asili peke yake inatosha kuinajisi siku, basi Bonane ingetangulia kufutwa. Haifutwi, kwa sababu sote tunajua maana ya siku inatoka kwa wanaoishika.

Kongo ina mifano miwili ya jambo hilo. Mwaka 1974 serikali ya Mobutu, katika siasa yake ya otantisite, yaani kurudi kwenye asili ya Kiafrika, iliiondoa Noeli katika siku za mapumziko. Miaka miwili kabla yake ilikuwa imekwisha kukataza majina ya ubatizo. Amri ilitoka juu, kwa jina la Uafrika, na Waafrika wenyewe hawakuulizwa. Noeli ilibaki makanisani na majumbani, na leo 25 Desemba ni siku ya mapumziko tena. Mfano wa pili ni Kanisa la Kimbangu. Tangu mwaka 1999 wanasherehekea kuzaliwa kwa Yesu 25 Mei, siku aliyozaliwa Dialungana Kiangani, mwana wa Simon Kimbangu, mwaka 1916. Makanisa mengine yanaipinga imani iliyo nyuma ya uamuzi huo, na yana sababu zake. Hata hivyo tarehe hiyo inaishi, kwa kuwa jumuiya inayoishika ndiyo iliyoiamua.

Uvira nayo imefanya vivyo hivyo polepole. Wapentekoste wa Sweden waliofika mwaka 1921, na wamisionari Waxaveri wa Italia waliofika mwaka 1958, walikuja na nyimbo, pango la Betlehemu na desturi za nchi zenye baridi. Sisi tulichagua. Theluji ya pamba kwenye duka la mjini ni pambo tu. Kilichoshika mizizi ni ngoma na kwaya ya usiku, wali wa uwanda wa Ruzizi, samaki wa ndagala kwa asiyeweza nyama, na sahani inayopelekwa kwa jirani Mwislamu, naye huirudisha siku ya Idi. Kanisa la hapa linajua pia kuzaa tarehe zake. Tarehe 28 Novemba 1964 waliuawa katika miji ya Baraka na Fizi Waxaveri watatu pamoja na padri Albert Joubert. Tarehe 18 Agosti 2024, hapa Uvira, walitangazwa wenye heri. Hakuna anayeuliza kama siku hizo ni za Roma.

Kwa hiyo mimi nasema Noeli ni yetu. Lakini kitu kikiwa chako, lawama yake pia ni yako, na hapa ndipo wanaoisifu wanapokaa kimya. Mtoto asiye na nguo mpya hafurahii kwenda kanisani. Baba asiye na mshahara anakopa dola, na fedha za likelemba, akiba ya kikundi iliyowekwa mwaka mzima, zinaisha kati ya Noeli na Bonane. Januari shule zinafunguliwa. Shule ya msingi ya serikali haina malipo tangu 2019, lakini sekondari bado inadai minervali, yaani karo, na wanaofukuzwa darasani ni watoto walewale waliopendeza juzi. Februari 2025, Bukavu ilipotekwa, familia nyingi za Uvira na za uwanda zilivuka Ruzizi kwenda Burundi zikiwa na mabegi tu. Kwa watu walioishi hivyo, sikukuu inayoacha deni ni hatari kubwa kuliko jina la mungu jua ambaye hakuna anayemwomba.

Kulaumu wazazi hakutasaidia, kwa sababu mzazi mmoja hawezi kupunguza peke yake. Mtoto wake ndiye atakayechekwa. Wanaoweza ni wachungaji na mapadri, kwa kuwa wao ndio wanaowakusanya watu wote siku moja. Watamke mapema, Novemba, kabla fedha za likelemba hazijagawanywa, kwamba sare ya kwaya ya mwaka jana inatosha. Sadaka ya usiku wa Noeli iende kwenye minervali ya yatima na ya waliorudi kutoka ukimbizini, na hesabu yake isomwe mbele ya waumini. Wakuu wa kanisa waanze wao wenyewe, kwa kuwa muumini hutazama kwanza meza ya mchungaji wake.

Na wanaoikataa tarehe waachwe kwa amani. Paulo aliwaandikia Warumi, sura ya 14, kwamba katika habari za siku kila mtu athibitike katika akili yake mwenyewe. Jirani asiyeshika Noeli hatupunguzii kitu. Anayetupunguzia ni yule anayeishika kwa kelele, halafu Januari anamtuma mtoto nyumbani kwa sababu ya deni la shule ambayo kanisa lake linaiendesha.